Kuipita Mbeya kwa juu: maswali kuhusu safari ya pikipiki Chimala, Matamba, Kitulo hadi Tukuyu

Tangu nianze kuwaelekeza watu njia hii, maswali ninayopata ni yaleyale: mafuta, matope, baridi, na kama pikipiki ndogo inaweza kupanda. Nimeyajibu hapa yote pamoja, kwa mtu anayetoka Dar, Iringa au Njombe akielekea Tukuyu, Kyela au Malawi, ambaye hataki kupitia jijini Mbeya.

Njia yenyewe inapita wapi?

Ukitoka Makambako unafuata barabara kuu ya TANZAM (Tanzania–Zambia) hadi Chimala, wilayani Mbarali. Hapo unaiacha lami na kukata kushoto, kusini, kuelekea ukuta wa milima unaouona mbele yako. Barabara inapanda kwa kona hadi Matamba, ambayo tayari ni wilaya ya Makete mkoani Njombe. Kutoka Matamba unaendelea kupanda hadi uwanda wa Kitulo, unaukata, kisha unashuka hadi Isyonje. Isyonje iko kwenye lami ya Mbeya–Tukuyu. Ukifika hapo, kata kushoto na ushuke Kiwira, kisha Tukuyu. Jiji lote limebaki nyuma ya mgongo wa mlima.

Kwa nini nisipite Uyole tu kama watu wengine?

Unaweza kabisa. Ni lami mwanzo mwisho. Toka Chimala hadi Uyole, njiapanda ya Tukuyu jijini Mbeya, kisha Uyole hadi Tukuyu, ni kama kilomita 130. Ukiwa na haraka, au mvua imenyesha usiku kucha, pita huko bila kujuta.

Ila kipande hicho kinabeba mizigo ya nchi tatu. Malori ya Zambia, Kongo na Malawi yanapita hapohapo, na miteremko ya Inyala na Mlima Nyoka kabla ya kufika Uyole imeua watu wengi. Ukishakata kwenda Tukuyu unakutana na mlima wa Igawilo, na stori ni ileile: semi imeshindwa breki, walio mbele yake hawana pa kukimbilia. Mwenye pikipiki kati ya malori mawili kwenye mteremko hana bati wala mkanda wa kumkinga. Ongeza foleni ya jijini, matuta, bajaji, na kazi ya kuipanua barabara kuwa njia nne. Mimi nilichoka kufika Tukuyu mabega yamekakamaa kwa woga. Njia ya juu ina hatari zake, lakini nyingi ziko mikononi mwako: mwendo wako, tairi zako, saa uliyoondoka. Hilo ndilo linalonifanya niipende hata kabla sijaanza kusifia mandhari.

Ni mwendo wa saa ngapi?

Usipange safari hii kwa kilomita, panga kwa mwanga wa jua. Uwe Chimala saa moja na nusu asubuhi, umeshakunywa chai, tenki limejaa. Hata gari hutumia karibu saa nzima kutoka Matamba hadi juu uwandani. Kwa pikipiki, kipindi cha kiangazi, ukisimama kupiga picha na kula, utagusa lami ya Isyonje alasiri. Kipindi cha mvua, usiniulize saa. Ukifika Matamba saa nane mchana na wingu limeshuka, tafuta pa kulala. Uwanda ule hauvukwi usiku kwa pikipiki: ukungu unameza mwanga wa taa, nyumba ziko mbalimbali, na ukipata pancha vidole havikamati hata kiraka kwa baridi.

Hivi kona za Hamsini na Saba zipo kweli hamsini na saba?

Jina limetokana na idadi ya kona za kupandia ukuta ule, na watu wa huku huliita hivyohivyo, "Hamsini na Saba". Mimi nimejaribu kuzihesabu mara mbili, na mara zote hesabu ilipotea njiani, kwa sababu ukishafika ya ishirini hivi macho yanarudi nyuma yenyewe. Bonde la Usangu linafunguka chini yako, mashamba ya mpunga yamekatwa vipande vipande, na Chimala imebaki kama viberiti vilivyomwagwa. Ukitaka kutazama, simama. Usitazame huku unaendesha.

Sasa kuhusu kupanda. Weka gia namba mbili, au moja kama umebeba mzigo, kabla ya kuingia kwenye kona na si ukiwa katikati yake. Injini ikizimika pale unapogeuka, pikipiki hurudi nyuma na uzito wote unaangukia mguu wa upande wa bondeni. Piga honi kila kona usiyoona mwisho wake. Ingia kwa upana wa upande wako, macho yatangulie kule unakotokea, na usikate kona kwa ndani hata kama njia inaonekana nyeupe, kwa sababu Fuso lenye viazi likishuka huchukua barabara nzima ili ligeuke. Ukilisikia, simama mahali palipo sawa, weka mguu chini, liache lipite. Anayeshuka na mzigo hana uchaguzi mwingi kama wewe unayepanda mtupu.

Ndani ya kona nyingi maji yamechimba makorongo na kuacha kokoto zinazoviringika. Hapo breki ya mbele iguse kwa vidole viwili tu, tena kabla hujapinda.

Niende mwezi gani?

Hapa ndipo penye mvutano, maana uzuri na ubaya wa njia hii huja kwa wakati mmoja. Maua ya Kitulo huchanua kipindi cha mvua, hasa Desemba hadi Aprili. Miezi hiyohiyo udongo wa huku hugeuka sabuni. Kiangazi, kuanzia Juni, barabara ni kavu na ngumu, lakini uwanda umekuwa nyasi za kahawia na usiku kuna jalidi.

Pendekezo langu kwa anayekuja mara ya kwanza ni Mei ikielekea mwisho, au Juni. Mvua zimekatika, mito bado imejaa, majani bado mabichi, vumbi halijawa jingi. Ukishaijua njia, ndipo urudi Januari au Februari kwa ajili ya maua, ukiwa na siku ya ziada mfukoni.

Machi moja nilijiona mjuzi nikapanda baada ya siku mbili za mvua. Kabla ya kufika uwandani gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Udongo ulikuwa umejaa kati ya tairi na madigadi, umeshindiliwa kama tofali. Nilichokonoa kwa kijiti, nikaenda hatua kumi, ukajaa tena. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani na jembe begani alinitazama kidogo, akasema, "Kijana, ling'oe hilo bati." Akashika usukani, mimi nikafungua boliti nne kwa spana namba kumi, nikalifunga madigadi nyuma kwa mpira wa tyubu. Nilifika Isyonje uso mzima umepakwa tope, ila nilifika. Tangu siku hiyo spana namba kumi hukaa mfuko wa koti, si chini ya kiti.

Nina pikipiki ya CC 125, au toyo ya 150. Itapanda?

Itapanda. Bodaboda wa Matamba hupanda nazo kila siku wakiwa na abiria na gunia. Swali la kweli ni kama itapanda bila kukutesa.

Chimala iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi. Huko juu mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Dar. Ndiyo sababu maji ya chai huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 na maharage huchelewa kuiva, na injini yako nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi. Pikipiki ya kabureta inaendelea kupokea petroli kama vile iko pwani, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta: inakohoa, inatoa moshi mweusi, plagi inaingia masizi. Isafishe eafilta kabla ya safari, beba plagi moja mpya, na ikianza kukohoa punguza gesi badala ya kuiminya. Pikipiki yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme hujirekebisha yenyewe, itapungua nguvu tu.

Kilicho muhimu kuliko CC ni sproketi na tairi. Kama cheni imelegea au meno ya sproketi yamekuwa makali kama ya msumeno, badilisha kabla. Tairi ya nyuma iwe na kashata (meno) nzuri. Tairi la lami lililolika halifai hata Julai.

Mafuta nijaze wapi?

Jaza sheli Chimala hadi juu kabisa, na usiihesabie sheli nyingine mpaka uwe upande wa lami ya Tukuyu. Vijijini utapata petroli ya chupa, lakini leo ipo, kesho imeisha, na hujui imekaa muda gani. Beba lita mbili au tatu kwenye dumu linalofunga vizuri. Kupanda kwa gia ya chini kunakunywa mafuta kuliko kukimbia kwenye lami, kwa hiyo usitumie hesabu ya barabara kuu.

Pesa taslimu pia bebea Chimala. Mtandao wa simu huja na kuondoka, na ukikatika huwezi kumlipa fundi wala mama lishe. Pakua ramani mapema ili isomeke bila intaneti.

Baridi yake ikoje?

Watu wa Dar hawaniamini nikiwaambia. Juni hadi Agosti nyasi za Kitulo asubuhi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, maji kwenye beseni yanaganda juu. Na huo ni ubaridi wa mtu aliyesimama. Wewe unajipulizia upepo mwenyewe. Vaa nguo tatu nyembamba badala ya koti moja nene, na juu kabisa koti la mvua hata kama jua linawaka, kwa sababu linazuia upepo. Magazeti mawili chini ya koti, kifuani, ni ya kizamani lakini yanafanya kazi. Glovu usizikose. Kidole kikifa ganzi hakijui kimeshika klachi kiasi gani.

Naruhusiwa kupita na pikipiki ndani ya hifadhi?

Barabara ya Matamba–Kitulo–Isyonje hutumiwa na wananchi na mabasi ya Makete, na unapita kama wao. Ukitaka kuiacha barabara na kuingia hifadhini kutembea, kuona maporomoko au kulala kambini, nenda kwa askari wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), lipa kiingilio, fuata maelekezo yao. Pikipiki iache watakapokuonyesha. Usiiingize nyasini hata mita moja kwa ajili ya picha. Alama ya tairi kwenye ule udongo laini hukaa msimu mzima.

Kuna nini cha kuona huko cha kunitoa kwenye lami?

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Ina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 413. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati yake aina 45 ni okidi zinazoota ardhini. Unatoka kwenye kona ya mwisho ukiwa umekaza mikono, halafu ghafla hakuna mlima tena, kuna uwanda tu na anga, na Februari uwanda huo una njano, zambarau na nyeupe kadiri jicho linavyokwenda. Zima injini. Utasikia upepo na vijito. Hakuna simba wala tembo, ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu.

Okidi hizo zina adui. Viazi vyake huchimbwa na kusafirishwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko, na biashara hiyo ilikuwa imeanza kuumaliza uwanda. Ndiyo sababu ninasema kwa uchungu: usichume hata moja. Ukiona mtu anauza viazi hivyo, usinunue.

Kwenye misitu ya pembeni, upande wa milima ya Livingstone na mlima Rungwe, anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani kwa jina hilo. Usitegemee kumwona ukiwa kwenye pikipiki, kelele yako inamfikia kabla yako.

Ukishashuka Isyonje, njia ya miguu ya kwenda ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta, haiko mbali, upande wa Isongole. Na ukifika Kiwira, ulizia Daraja la Mungu, jiwe la asili lililolalia mto Kiwira. Ukiwa na nguvu ya kimoja tu, panda Ngozi.

Radi ni hatari kweli huko juu?

Swali hili huulizwa mara chache, na lingestahili kuulizwa na kila mtu. Uwanda hauna miti. Kipindi cha mvua, mawingu hujikusanya mchana, na ukiwa juu ya pikipiki wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Vuka asubuhi. Ukisikia ngurumo kabla hujapanda uwandani, subiri Matamba. Ikikukuta katikati, iache pikipiki, shuka sehemu ya bondeni, chuchumaa miguu ikiwa pamoja. Usijikinge chini ya mti mmoja uliosimama peke yake.

Kushuka Isyonje kukoje?

Wengi hujiandaa kwa Hamsini na Saba na kusahau kwamba kilichopandwa lazima kishukwe. Kutoka uwandani hadi Kyela, karibu na ziwa Nyasa, unashuka zaidi ya mita 2,000. Ukishuka kwa breki peke yake zinapata moto, kisha ukiminya hakuna kitu. Tumia gia: ile ambayo ungepandia ndiyo utakayoshukia. Usiweke nyutro kuokoa mafuta, hata pale ambapo mteremko unaonekana mdogo. Breki minya, achia, minya, achia, zipumue. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, simama dakika kumi, tazama mashamba ya viazi na pareto.

Kuingia lami usijisahau. Kutoka Isyonje kushuka Tukuyu ni barabara nzuri, lakini ukungu na manyunyu ya Rungwe ni ya karibu mwaka mzima, na tairi lako bado lina tope. Kilomita za kwanza nenda polepole mpaka lijisafishe.

Nikiharibikiwa njiani je?

Bodaboda ndio watu wako. Kila kijiji chenye bodaboda kina fundi, au mtu anayemjua fundi, na vipuri vya pikipiki za kawaida za kibiashara hupatikana Matamba kuliko vya pikipiki kubwa za nje. Mwenye pikipiki kubwa abebe vyake: tyubu, waya wa klachi, kiungo cha cheni, fyuzi, pampu ya mkono.

Salimia kwanza. Upande wa Wakinga ukisema "Kamwene" kabla ya kueleza shida yako, umeshapata nusu ya msaada. Ukivuka kwa Wanyakyusa, "Ndaga" inafanya kazi hiyohiyo.

Naweza kumpakia mwenzangu?

Mkiwa na CC 150 au zaidi, na mvua haijanyesha, inawezekana, ila abiria ajue atashuka na kutembea baadhi ya kona. Wote wawili mvae helmeti, mizigo ikae chini na katikati, si juu ya begi la mgongoni. Kwa safari ya kwanza ningesema nenda na mwenzio mwenye pikipiki yake. Mkiwa wawili mnaweza kuinua iliyoanguka.

Nilale wapi?

Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida, na Tukuyu zipo nyingi zaidi. Matamba omba blanketi la pili kabla hujalala, si saa nane usiku. Tukuyu, agiza mbalaga, zile ndizi zao, pamoja na maharage na chai ya hukohuko. Baada ya siku ya baridi sijui chakula kinachonifaa kuliko hicho.

Naelekea Malawi. Na anayekwenda Tunduma?

Kwa Malawi ndiyo njia hasa: Tukuyu, kisha mpakani Kasumulu kwenye mto Songwe. Hakikisha una kadi ya pikipiki kwa jina lako au barua ya mwenye nayo, leseni ya daraja linalolingana na injini yako (A1 kwa ndogo, A kwa zinazozidi CC 125), na bima ya kadi ya njano ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika).

Anayekwenda Tunduma, hapana. Njia hii itakutupa kusini ya jiji na utalazimika kurudi. Wewe pita Uyole alfajiri, malori yakiwa bado hayajaamka yote.

Je, naweza kuifanya kinyume, nikitokea Tukuyu?

Unaweza, na kupanda kutoka Isyonje ni kwa upole zaidi. Shida ni kwamba Hamsini na Saba utazishuka, tena jioni, mikono imechoka na jua la magharibi linakuchoma jicho la kushoto. Ukiamua hivyo, lala Matamba na uzishuke asubuhi yake. Kabla hujaondoka, nenda kijiweni kwa bodaboda umuulize mmoja aliyepanda usiku ule au alfajiri ile: tope liko kona gani, na kuna gari lililokwama? Watakuambia kwa kona, si kwa kilomita.